Nimebadilisha ruta, skrini na diski wiki hii, lakini kasi imekwama kwenye 94. Je, ruta ni mbovu?

MfumaTovuti aliandika:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri kabla sijairudisha ruta niliyoinunua.

Ninatengeneza tovuti, na kazi yangu yote ninaifanyia nyumbani. Wiki hii, baada ya kumkabidhi mteja sehemu kubwa ya mradi uliokuwa umenibana, niliamua kubadilisha vifaa vilivyochoka. Jumatatu nilitoa diski ya zamani kwenye kompyuta mpakato nikaweka SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), na hilo limenipa raha ya kweli: kusakinisha vifurushi vya mradi, ambako maelfu ya mafaili madogo huandikwa moja baada ya jingine, sasa kunakwisha kabla sijafungua kivinjari.

Shida zilianza Jumanne. Nilifunga ruta mpya nyuma ya kisanduku cha mtoa huduma, nikaipa jina na nywila zile zile za mtandao wa zamani ili vifaa vijiunge vyenyewe, na kwa kuwa inakaa chumba kingine, nilikata kebo ya kufika huko na kubania plagi mwenyewe. Tangu siku hiyo kompyuta haivuki megabiti 94 kwa sekunde, iwe asubuhi au usiku, ilhali laini ninayolipia ni ya megabiti 500. Simu, nikipima nikiwa sebuleni, inapita 300 bila taabu, kwa hiyo laini yenyewe ni nzima. Tena simu hiyo hiyo haiwezi kufungua tovuti ninayoijaribu kwenye kompyuta, ingawa nimeielekeza seva isikilize kwenye 0.0.0.0, yaani ipokee maombi kupitia kila anwani ya kompyuta, poti 3000, na nimezima hata faiawoli ili nijiridhishe. Printa nayo inaonyesha kwamba imeunganishwa na Wi-Fi, lakini kompyuta haioni printa yoyote.

Juu ya hayo yote, skrini ya 4K niliyoiweka Alhamisi kwa kebo ya HDMI inanichosha macho. Nikisogeza kishale kinakwenda kwa kurukaruka, na ukurasa ukipandishwa maandishi yanaacha kivuli.

Jana ilinibidi niahirishe kumwonyesha mteja ukurasa wa malipo kwa sababu sikuweza kuujaribu kwenye simu, na jambo hilo limeniumiza sana. Je, nilichonunua ni kibovu?

FundiKebo alijibu:

Mkuu, usiirudishe kwanza. Namba hiyo ya 94 inasema mengi. Kebo inapofanya kazi kwa megabiti 100, ukitoa sehemu inayoliwa na maelezo yanayofungwa kwenye kila pakiti, kinachobaki ni takriban 94. Ingekuwa ruta imezidiwa, kasi ingepanda na kushuka kutwa nzima; yako imesimama pale pale kama iliyowekewa kizuizi.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu, zinazogusa pini ya 1, 2, 3 na 6, lakini kasi ya 1000, kwa kiwango kilichopitishwa mwaka 1999, inahitaji jozi zote nne. Waya mmoja wa jozi ya buluu au ya kahawia usipogusa, vifaa vingi hushindwa kuunganishwa kwa 1000, vikashuka hadi 100 na kuendelea na kazi bila kutoa onyo lolote. Taa inawaka, kurasa zinafunguka, na mwenye nyumba anabaki kuishuku ruta.

Fungua mipangilio ya mtandao ya kompyuta utazame kasi iliyoandikwa pale. Ikiwa ni 100, shida iko kwenye kebo inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye ruta. Ikiwa ni 1000, tazama ile uliyoibania mwenyewe. Wala usikimbilie kununua kebo ya daraja la juu zaidi, kwa maana hata kebo ya daraja la Cat 5e iliyo nzima inabeba 1000 hadi mita 100.

Mtaratibu alijibu:

Ninamuunga mkono FundiKebo, ila ninataka turudi kwenye ile simu. Ikiwa kebo kati ya visanduku viwili ndiyo mbovu, basi hakuna kifaa chochote kilicho nyuma ya ruta mpya kingepata zaidi ya 94. Simu yako inapata 300. Maana yake haiko kwenye ruta mpya.

Umesema uliipa ruta mpya jina na nywila za mtandao wa zamani. Je, ulizima Wi-Fi ya kisanduku cha mtoa huduma? Ninashuku hukuizima, kwa hiyo nyumbani kwako kuna mitandao miwili yenye jina moja, na simu pamoja na printa zimebaki kwenye ule wa nje, yaani wa kisanduku cha mtoa huduma. Linganisha anwani: kompyuta ikiwa na 192.168.0 na kitu, na simu ikiwa na 192.168.1 na kitu, jibu utakuwa umelipata. Ruta ya ndani huzuia maombi yanayotoka nje kuja kwenye kompyuta, hata seva yako isikilize kila mahali. Vilevile printa hujitangaza kwa vifaa vya mtandao wake tu, na tangazo hilo halivuki. Geuza ruta mpya iwe kituo cha Wi-Fi tu, ili kisanduku kimoja ndicho kigawe anwani, kisha zima Wi-Fi ya zamani. Na faiawoli uiwashe tena leo hii, tafadhali, haikuhusika.

Skrini ni jambo jingine kabisa. Angalia kama inaonyesha picha 30 kwa sekunde badala ya 60. HDMI 1.4 haivuki 30 kwa 4K kamili. 60 ilikuja na HDMI 2.0 mwaka 2013. Skrini kadhaa zina chaguo la toleo hilo ndani ya menyu yake.

MfumaTovuti aliandika:

Ninawashukuru sana, na ninaleta matokeo.

Kompyuta iliandika 1000, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye kebo niliyoibania. Niliishika plagi mbele ya tochi. Nyaya saba zilikuwa zimefika hadi mwisho, chini ya vile vijipande vya dhahabu. Wa nane, wa kahawia, ulikuwa umeishia kama milimita mbili nyuma, na rangi yake ilionekana wazi kupitia plastiki. Nilikata, nikazinyoosha zote, nikahakikisha zinalingana kabla ya kubania. Kipimo cha kwanza kilikuwa 487.

Anwani zilikuwa kama Mtaratibu alivyosema: 192.168.0.12 kwenye kompyuta na 192.168.1.34 kwenye simu. Nimefanya mlivyoelekeza. Printa ilikataa kujiunga mwanzoni kwa kuwa ruta ilikuwa inakubali WPA3 pekee, mfumo mpya wa usalama wa Wi-Fi, nami nikairuhusu ipokee na WPA2, ule uliotangulia. Baada ya hapo ilionekana. Skrini ilikuwa kwenye 30, na toleo la HDMI ndani ya menyu lilikuwa limewekwa 1.4. Kishale sasa kinateleza.

Faiawoli nimeiwasha, na nimeifungulia ile poti 3000 kwa mtandao wa nyumbani tu. Ukurasa wa malipo umefunguka kwenye simu, na papo hapo nimeona kwamba kitufe cha kuthibitisha kinafichwa na kibodi inapojitokeza. Ninaanza kukirekebisha sasa hivi, na mteja nimemwahidi kesho asubuhi.