Naomba ushauri: nichimbeje historia ya Queen kabla hawajavuma? Nina wiki tatu tu

Kijana_wa_Jinja

Salaam wanajamvi. Natangaza kipindi cha muziki wa zamani kwenye redio moja ndogo hapa Jinja, Jumamosi jioni, kwa Kiswahili. Wasikilizaji wangu ni mchanganyiko: madereva wa malori wanaoshuka kutoka Malaba, askari na familia zao, Wanubi wa hapa mjini, Wakenya wanaofanya kazi viwandani.

Mwezi uliopita nilizungumzia bendi nyingine ya Uingereza. Maelezo niliyaokota mtandaoni nikayasoma kwa sauti ya mtu anayejua. Kabla sijamaliza, mzee mmoja akapiga simu, tukiwa hewani, akanirekebisha mambo matatu mfululizo. Bosi hakunifokea. Alicheka tu, na kile kicheko bado kimo masikioni mwangu.

Sasa nataka kufanya saa nzima juu ya Queen, lakini miaka ya mwanzo tu, kabla ya umaarufu. Nilidhani itakuwa rahisi kwa sababu mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Kumbe kila ninapogusa nakuta hadithi mbili. Filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody, inasema hivi, kitabu kinasema vile, mashabiki wanatukanana kwa sababu ya tarehe. Nina simu, nina bando la kubanabana, pesa ya kununua vitabu sina. Nianzie wapi, na nimwamini nani?

Dogo_wa_Mbale

Anzia kwenye video, malizia kwenye video. Nani atajua 😂

Kijana_wa_Jinja

Yule mzee wa simu atajua.

Bi_Shangani

Mwanangu, mimi ni mzaliwa wa Unguja, nipo Kampala mwaka wa kumi na tisa huu. Kwa upande wa Zanzibar nitakusaidia, ila kwanza nikuulize: unaandika historia ya mtu au ya bendi? Maana naona umeshaanza kuzichanganya.

Ya mtu ni hii. Farrokh Bulsara, ndiye huyo Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, waliotoka Gujarat, na baba alikuwa keshia kwenye serikali ya kikoloni. Mtoto alipofika umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie, na huko ndiko alikopiga kinanda kwenye bendi ya shule, The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London. Yeye ana miaka 17.

Sasa hesabu mwenyewe kakaa Zanzibar miaka mingapi ya akili timamu. Usije ukamfanya mwimbaji wa taarab. Nimeshawasikia watangazaji wakisema eti sauti yake ina Kizanzibari ndani yake. Kizanzibari gani? Na ukienda Shangani leo, utaoneshwa nyumba zaidi ya moja na kila mwenye kukuonesha anaapa ni hiyo. Jumba la makumbusho lake lipo, lilifunguliwa 2019, lakini hiyo ni miaka 28 baada ya kufa kwake. Ni kumbukumbu, si ushahidi wa utotoni.

Kijana_wa_Jinja

Shikamoo Bi. Kwa kweli nilikuwa nimeshaandika sentensi ya taarab. Naifuta.

Mzee_wa_Santuri

Bi amekuuliza swali lenyewe. Bendi haikuanza na Freddie. Ukianzia Unguja, utatumia nusu ya kipindi kabla hujafika kwenye bendi.

Anzia kwa Brian May, mpiga gitaa wao. Mwaka 1963, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, yeye na baba yake Harold walianza kutengeneza gitaa kwa mikono yao, kwa sababu magitaa mazuri ya dukani yalikuwa ghali. Shingo ya gitaa ilichongwa kwenye mbao ya mahogani iliyotoka kwenye fremu ya meko ya zamani. Springi walizitoa kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Waambie watu wa bodaboda hapo Jinja kwamba lile gitaa lililo kwenye karibu rekodi zote za Queen lina springi za pikipiki, uone kama kuna atakayezima redio. Nakuhakikishia hakuna.

May na rafiki yake Tim Staffell walikuwa na bendi ya vijana iliyoitwa 1984. Usichanganyikiwe: ni jina, si mwaka, wao walikuwa wanapiga miaka ya sitini. Halafu 1968 wakaunda Smile, wakatafuta mpiga dramu kwa tangazo chuoni, akaja Roger Taylor aliyekuwa London akisomea udaktari wa meno. Smile walitoa santuri moja tu ndogo, mwaka 1969, na ikatoka Marekani peke yake. Haikuuza. Kampuni iliyoitoa iliitwa Mercury Records. Hapo mashabiki huruka juu: aa, ndiyo maana Freddie akajiita Mercury! Ni vitu viwili vimekutana kwenye jina. Usiviunganishe ila mtu akuwekee ushahidi mezani.

Na sasa jambo ninalotaka kukufundisha kweli. Mimi nakusanya santuri tangu nikiwa Entebbe kijana, na nakwambia jalada la santuri ni hati. Halibadiliki kila mwenye bendi anapohojiwa tena. Chukua ile ya kwanza yao, iliyoitwa Queen tu, ya Julai 1973. Tafuta picha za jalada la nyuma, zipo kwenye tovuti ya Discogs, bure. Utaona mpiga besi ameandikwa Deacon John. Jina lake ni John Deacon! Walimgeuza ili lisikike vizuri, naye hakufurahia. Kwenye santuri ya pili limerudi sawasawa. Utaona pia wamejisifu kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza. Kwa nini mtu aandike kitu kama hicho? Kwa sababu sauti za gitaa la May zilikuwa zimerundikwa tabaka juu ya tabaka, na waliogopa watu wangedhani ni mashine. Mistari miwili ya jalada inakupa tabia ya bendi nzima: wana majivuno, wana wasiwasi, wanafanya kazi kwa umakini wa fundi saa.

Jambo la pili: tarehe ya kutoka si tarehe ya kurekodi. Mwishoni mwa 1971 walipata bahati, studio ya De Lane Lea ilikuwa inahamia jengo jipya Wembley ikahitaji bendi ya kupiga kelele ili wajaribu mitambo. Queen wakapiga kelele, malipo yao yakawa kurekodi nyimbo za majaribio bure. Halafu santuri yenyewe waliirekodi studio ya Trident mwaka 1972, kwa saa za mabaki, wakati wateja wa kulipa wameondoka. Ndiyo maana ilichelewa. Ilipofika madukani, nyimbo nyingine zilikuwa na zaidi ya mwaka. Sasa ukisema hewani "mwaka 1973 Queen walikuwa wanapiga hivi", umekosea kidogo. Ndivyo walivyokuwa wanapiga 1972, na pengine kabla.

Tena kuna kichekesho cha wakati huohuo. Wakiwa Trident, mhandisi mmoja alimwomba Freddie aimbie mradi wake, May na Taylor wakasaidia. Santuri ikatoka 1973 kwa jina la uongo, Larry Lurex, karibu sambamba na wimbo wao wa kwanza, Keep Yourself Alive. Zote mbili zikafa sokoni. Ukiipiga hiyo Jumamosi, yule mzee wako wa simu atanyamaza.

Dogo_wa_Mbale

Larry Lurex 😂😂 jina kama la muuza mitumba wa Owino

Kijana_wa_Jinja

Mzee, umenifungua macho. Swali: onyesho la kwanza la Queen ni lini? Nimekuta 27 Juni 1970 na pia nimekuta Julai. Halafu kwenye filamu naona Deacon yupo tangu siku ya kwanza.

Mwalimu_Gulu

Nafundisha historia sekondari, niingie hapo.

Tarehe mbili zinaweza kuwa sahihi zote kama maswali ni mawili. Tarehe 27 Juni 1970, May, Taylor na Freddie walipiga ukumbi wa mji wa Truro, Cornwall, nyumbani kwa akina Taylor. Mama yake Roger ndiye aliyewaombea nafasi, kwenye shughuli ya kuchangia Msalaba Mwekundu. Ila walikuwa wametangazwa kama Smile, maana nafasi ilipangwa kabla Staffell hajaondoka Smile na Freddie kushika nafasi yake. Kwa hiyo uliza: unatafuta watu walipopanda jukwaani, au jina lilipopanda? Ugomvi mwingi wa mashabiki unaousoma ni watu wawili wanaojibu maswali tofauti.

Deacon hakuwepo. Kabla yake walipita wapiga besi watatu, na yeye aliingia mwaka 1971 tu. Filamu imembana ili hadithi iende haraka. Vilevile inaonesha Freddie anawakuta wenzake usiku uleule Staffell anapojitoa. Ukweli ni kwamba Freddie na Staffell walisoma chuo kimoja cha sanaa, Ealing, alikuwa anawafuata Smile muda mrefu, na mwaka 1969 alikuwa tayari anaimba kwenye bendi ya vijana wa Liverpool, Ibex. Filamu ni filamu. Itazame, ufurahi, usiinukuu.

Ninachowafanyisha wanafunzi wangu ni hiki: daftari, mistari wima, safu nne. Jambo lenyewe. Nani kasema. Kasema lini. Alikuwepo? Hiyo safu ya tatu ndiyo inayochuja. Mwanamuziki akihojiwa 1974 anakumbuka mwaka juzi. Akihojiwa baada ya miaka arobaini anakumbuka alivyosimulia mara ya mwisho. Hata watu waaminifu ndivyo tulivyo. Mimi mwenyewe siku ya harusi yangu naikumbuka mvua, mke wangu anasema ilikuwa jua kali, na picha zinamuunga mkono yeye.

Mkweli_Daima

Samahani, lakini kwa nini redio ya Uganda itumie saa nzima kwa Wazungu wanne? Wakati huohuo bendi zetu wenyewe hakuna anayeandika historia yao.

Bi_Shangani

Wanne? Mmoja Mparsi wa Unguja, basi toa mmoja. Ila hoja yako naikubali nusu. Mwambie Kijana baada ya hapa aende kwa wazee wa bendi ya Afrigo, wameanza 1975 hapahapa Kampala. Daftari la Mwalimu litatosha na huko.

Mkweli_Daima

Hapo sawa.

Fundi_Bando

Mimi nije na mambo ya mfukoni. Kijana, fungua akaunti Internet Archive, ni bure, kuna vitabu vya kuazima kwa saa moja moja. Kwa magazeti ya muziki ya Uingereza ya miaka ile, kama Melody Maker, ingia World Radio History, matoleo yamepigwa skani kurasa zote. Faili ni nzito, zitakula bando lako hadi ulie. Kwa hiyo usipakue ovyo: chagua miezi. Anza na Julai 1973 santuri ilipotoka, halafu Machi 1974 ilipotoka Queen II. Nenda mahali penye waifai ya bure, pakua, soma nyumbani.

Na soma hata matangazo ya pembeni. Ukiona jina la bendi kwa herufi ndogo chini ya tangazo la onyesho, limebanwa na majina ya watu waliosahaulika siku hizi, hiyo ni habari kuliko aya tatu za mtandaoni.

Halafu uliza ofisini kwenu kama redio ina leseni ya kupiga muziki kutoka UPRS, chama cha hakimiliki za muziki cha Uganda. Wengi hawaulizi hadi siku ya siku.

Kijana_wa_Jinja

Narudi baada ya siku nne. Jana nilikaa na simu na daftari kutoka saa mbili usiku hadi umeme ulipokatika. Nimejaza safu nne za Mwalimu, kurasa mbili. Mambo kumi na moja niliyokuwa nimeyaandika kwenye rasimu ya kwanza, manne nimeyafuta kwa sababu safu ya "nani kasema" ilibaki tupu. Moja kati ya hayo nililipenda sana, linahusu walivyolichagua jina la Queen, mazungumzo mazima yenye utani. Hakuna aliyeweza kunionesha yalitoka wapi. Lilijulikana tu.

Nimeamua kuanzia kwenye meko ya akina May, mbao na springi. Freddie ataingia dakika ya kumi na tano, kama mwanafunzi wa uchoraji anayesimama kando ya jukwaa la wenzake. Zanzibar itakuja hapo, kwa ufupi, kwa maneno ya Bi. Mwisho naishia Julai 1973, santuri imetoka na haijafanya lolote, na hawajui kinachokuja.

Tatizo limebaki moja. Larry Lurex sina kwa ubora wa kupiga hewani.

Mzee_wa_Santuri

Ninayo kwenye CD ya mkusanyo. Nitafika Jinja Alhamisi kwa msiba wa jamaa, nitakuachia. Uirudishe.

Kijana_wa_Jinja

Mungu akubariki mzee. Samahani kuuliza… ni wewe uliyepiga simu mwezi uliopita?

Mzee_wa_Santuri

Yalikuwa makosa manne. Moja nilikuachia.