Granada na milima yake: gari wiki nzima, siku tatu, au basi tu?

Mwana wa Makadara

Assalaam alaykum wana jamvi. Oktoba hii shule za huku Leicester zikifunga, twaenda Granada, kusini mwa Uhispania. Tuko wanne: mimi, mke wangu, mama yangu (miaka 71, magoti yamechoka) na mtoto wa miaka minne. Usiku saba. Ndege inatua Málaga, kama kilomita 130 kutoka Granada. Mama ana haja moja tu, aione Alhambra, ile ngome na kasri za wafalme wa Kiislamu, kabla hajafa. Maneno yake hayo, si yangu. Mimi nataka pia kupanda vile vijiji vya milimani vya Alpujarra na kushuka pwani siku moja.

Njia nilizoziona ni hizi:

A. Gari tangu uwanja wa ndege, tunakaa nalo siku zote.
B. Basi hadi Granada, kisha gari siku tatu tu za safari za nje.
C. Bila gari. Basi, teksi, miguu.

Leseni yangu ni ya Uingereza. Mke wangu ana ya Kenya, Agosti atakuwa Mombasa, na anataka kunipokea usukani. Naelekea A kwa sababu ya mizigo na kiti cha mtoto. Nambieni.

Kibao cha Mbuzi

Karibuni Granada, nasoma huku mwaka wa tatu sasa. Ndugu yangu, A itakutia hasara. Katikati ya mji hakuna pa kwenda na gari. Gran Vía, ile barabara inayokatiza mji, ni ya mabasi, teksi na wenye kibali. Hakuna geti wala askari wa kukusimamisha. Kuna kamera inayosoma namba ya gari, nawe unapita unashangaa majengo. Albaicín, mtaa wa zamani wa Waislamu ulio mkabala na Alhambra, ndio usiseme. Ukifikia hoteli iliyo ndani ya eneo hilo, waambie mapema wapeleke namba ya gari lako manispaa. Wenye nyumba za kupangisha kwa siku wengi husahau, au hujifanya wamesahau.

Mwaka jana binamu yangu alifuata ramani ya simu mpaka ndani ya Albaicín. Simu inasema nyoosha, naye ananyoosha. Uchochoro ukazidi kubana hadi tukakunja vioo vyote viwili vya pembeni. Mzee mmoja akachungulia dirishani, kikombe mkononi, akawa anatuongoza: *dale, dale, dale*, yaani twende, twende. Kisha akanyanyua kiganja. Kati ya mlango na ukuta palikuwa pamebaki upana wa vidole viwili. Tulirudi kinyumenyume dakika ishirini, tukatoka na mkwaruzo wa shibiri mbili. Wiki sita baadaye barua ya faini ikamfikia, na kabla yake kampuni ya gari ilishakata euro 40 kwenye kadi yake, ujira wa kuwapa manispaa jina lake. Faini yenyewe hupunguzwa nusu ukilipa ndani ya siku 20. Zile 40 hazina nusu.

Chukua B.

Bi Mkubwa wa Ruwi

Mwanangu Kibao, umesema kweli lakini umesema nusu. Mtu ana mama wa miaka 71. Albaicín ni vilima, na njia zake zimepangwa vijiwe vya mtoni, hata mwenye viatu vizuri huteleza. Mie nilikwenda na dada yangu mkubwa kutoka Muscat, tukakaa Monachil, kijiji cha kama kilomita 8 nje ya Granada, chini ya milima ya Sierra Nevada. Gari likilala mlangoni, na mjini hatukuliingiza hata siku moja. Alhambra ina maegesho yake, unafika kwa barabara ya mzunguko wa kusini bila ya kugusa katikati ya mji. Tukitaka kutembea mjini tulipanda basi. Kwa hivyo iko njia ya nne ambayo muulizaji hakuiandika: gari wiki nzima, malazi nje.

Jengine, tiketi za Alhambra. Zinaandikwa jina na namba ya pasi, na za kasri za Banu Nasr, ukoo wa wafalme wa mwisho wa Granada, zina saa yake ya kuingia. Saa ikikupita, kasri hukuiona, utatembea bustanini tu. Nunua wiki nyingi kabla. Nimeona watu waliotoka mbali wakarudi wametazama ukuta.

Kibao cha Mbuzi

Shikamoo Bi Mkubwa. Monachil siipingi. Ila mgeni wa Granada raha yake ni jioni. Msikiti mkuu uliofunguliwa 2003 uko juu kule Albaicín, pembeni ya uwanja wa San Nicolás. Unaswali magharibi, unatoka, Alhambra iko mbele yako inageuka nyekundu, na nyuma yake milima. Halafu unashuka mtaa wa Calderería Nueva kunywa chai ya nanaa. Anayekaa kijijini saa hiyo anatazama saa asikose basi la kurudi.

Magoti ya mama yana dawa: vibasi vidogo vyekundu vya mjini. C31 hupanda Albaicín, C30 hupanda Alhambra.

Dereva Mstaafu

Habari zenu. Nimeendesha daladala na baadaye lori hapa Dar, jumla miaka 26. Nikaenda kumtembelea binti yangu Málaga, nikasema nitashindwa nini.

Siku ya kwanza kila nikitaka kukata kona nawasha waipa. Magari yetu ya Kijapani indiketa iko mkono wa kulia, kule iko kushoto. Jua kali, waipa zinacheza, binti anacheka mpaka machozi. Gia iko kulia, na mkono wangu wa kushoto ukawa kila mara unaitafuta unagonga mlango. Hayo yaliisha siku ya pili.

Kilichonisumbua zaidi ni kipilefti. Jina lenyewe linakudanganya! Kule unaingia kwa kulia na unawapisha walio ndani, wanaokuja kutoka kushoto kwako. Nilikuwa najisemea kwa sauti, kipiraiti, kipiraiti. Lakini nikuambie kitu: kwenye kipilefti chenye magari hukosei, maana unawafuata wenzako. Unakosea asubuhi na mapema ukitoka sheli, barabara tupu, huna wa kumfuata. Mara mbili nilijikuta upande wangu wa Kigamboni.

Kodi otomatiki kama mfuko unaruhusu. Ni chache na bei yake iko juu, kwa hiyo agiza mapema. Shemeji atafute leseni ya kimataifa akiwa Mombasa, AA ya Kenya huzitoa, na jina lake liandikwe kwenye mkataba kama dereva wa pili. Bila hivyo bima haimtambui hata akikwaruza ukutani tu. Mwendo: mtaa wa mjini wenye njia moja kila upande ni kilomita 30 kwa saa, barabara za kawaida nje ya mji 90, zile kubwa 120. Ile 30 ndiyo inayowakamata wageni.

Kijana wa Eldy

Mimi nilikuwa C. Begi moja, pesa kidogo. Basi la Málaga hadi Granada ni kama saa mbili, na mengine yanaanzia palepale uwanja wa ndege, kwa hivyo B na C zote zinaanza vizuri.

Alpujarra pia nilienda na basi. Linapita Lanjarón, Órgiva, Pampaneira, Bubión, Capileira, na kwa siku ni machache. Kona ni kama za kushuka Tambach kwenda Kerio, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa. Nilishuka Pampaneira, nikala, nikapanda kwa miguu hadi Capileira nikifuata mifereji ya maji iliyoachwa na Waislamu, ambayo bado inanywesha mashamba. Maji yanakimbia kando ya njia kama yana haraka. Nikakosa basi la jioni, nikalala huko. Kwangu ilikuwa hadithi ya kusimulia. Ukiwa na mama na mtoto, hapana. C ni yangu lakini wewe usiichukue.

Mama Kachumbari

Mmeongea barabara, mmeongea kona, hakuna aliyeongea kaunta. Pesa inaliwa kwenye kaunta.

Mimi nilikodi Málaga. Bei ya mtandaoni ilikuwa ndogo mpaka nikamwita mume wangu aone. Tumefika saa sita usiku, foleni ndefu, zamu yetu ikifika dada wa kaunta anataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kadi ya kawaida? Haipokelewi, isipokuwa ununue bima yao ya kila siku, ambayo kwa wiki ilizidi bei ya gari lenyewe! Tukatoa kadi ya mkopo, wakazuia euro 1,200 za dhamana. Jina la kampuni silitaji, na sidhani ni mmoja tu mwenye tabia hiyo.

Kwa hiyo soma kiwango cha dhamana kabla hujalipia chochote. Bima ya kufidia dhamana unaweza kuinunua mwenyewe kabla ya safari kwa bei nafuu zaidi, ila ujue inakurudishia baadaye. Kule kaunta bado watazuia zile pesa.

Piga video gari lote kabla hujawasha injini, hasa rimu na chini ya bampa. Nilipolirudisha, kijana aliinama akanionyesha alama kwenye rimu ya nyuma kulia, ndogo kama punje ya mchele. Euro 180. Nikafungua video ya siku ya kwanza, nikaisogeza polepole mpaka rimu ile, punje yangu ya mchele hiyo hapo imetulia. Akasema sawa. Pole hakusema.

Mafuta: chagua mkataba wa kupokea tanki limejaa na kurudisha limejaa, risiti ya mwisho uitunze. Gasolina ni petroli, gasóleo ni dizeli, soma ndani ya kifuniko cha tanki usiamini kumbukumbu. Mtoto aliye chini ya sentimita 135 sheria inamtaka kwenye kiti chake, nyuma. Beba chako, maana vya kukodi hutozwa kwa siku na vingine usafi wake hata paka angekataa. Tena ulizia taa ya njano ya kuweka juu ya paa gari likiharibika, tangu Januari 2026 ndiyo inayotakiwa badala ya zile pembetatu.

Mwana wa Makadara

Mungu awalipe nyote. A nimeitupa. Nimevutwa kati ya B na kijiji cha Bi Mkubwa. Nilipomsomea mama habari ya msikiti na magharibi, akasema hataki kijiji, vijiji ameviona vya kutosha. Basi ni B, siku tatu. Nachukulia wapi gari bila kupita kwenye kamera hizo?

Kibao cha Mbuzi

Mama ameongea. Ofisi za magari ziko karibu na stesheni ya treni, na pia uwanja mdogo wa ndege wa Granada, kama kilomita 15 magharibi ya mji, kando ya barabara ya A-92. Chukulia uwanjani. Kuna basi la kukupeleka kutoka mjini, na ukitoka na gari hapo uko barabara kuu tayari. Ila tazama saa za ofisi, wikendi baadhi hufunga mapema.

Alpujarra na pwani zote unashuka A-44 kuelekea kusini, haina malipo. Muda si mrefu utaona kibao cha Suspiro del Moro, pumzi ya Mwislamu. Hapo ndipo inaposimuliwa kwamba Abu Abdallah, mfalme wa mwisho wa Granada, aligeuka kuutazama mji baada ya kuukabidhi Januari 1492, akalia, na mama yake akamsuta. Ni ngano, lakini usimsimulie mama ukiwa unaendesha, utapata mawaidha hadi baharini.

Bi Mkubwa wa Ruwi

Na baba yake huyo mfalme ndiye mwenye jina la kile kilele kikubwa cha Sierra Nevada, Mulhacén. Mwana kapewa pumzi, baba kapewa mlima. Haya, mnisalimie mama.

Mwana wa Makadara

Tumerudi Jumamosi. Gari siku tatu, otomatiki, hakuna faini hadi leo (naendelea kuchungulia barua). Mke wangu aliendesha Alpujarra yote, mimi nimefumba macho. Alhambra tulikwenda na C30, mama akakaa Ua wa Simba karibu saa nzima akisoma maandishi ya Kiarabu ya kutani kwa midomo, mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama yuko salama.

Siku ya tatu tulishuka Almuñécar, pale Abd al-Rahman wa Kwanza, mwanzilishi wa utawala wa Bani Umayya huko Andalusia, alipotia nanga mwaka 755, sanamu yake ipo ufukweni. Mama hakuitazama. Alikuwa ameshaona kibanda cha matunda. "Haya si matomoko?" Muuzaji anasema chirimoya, mama anasema matomoko, wakabishana vizuri sana kila mtu kwa lugha yake, na mwisho akapunguziwa. Kilo tatu, akazipakata njia nzima hadi Granada.

Tuliporudisha gari, jamaa alikagua rimu, akakagua milango, mimi nimeshika simu yenye video kama upanga. Akafungua mlango wa nyuma, akaokota kokwa tatu nyeusi kwenye kiti, akazitazama kiganjani. "Chirimoya," akasema, akacheka, akatia sahihi.

Mama akamsahihisha.