Mabinti kuota ndevu na vinyweleo vingi: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wakuu mnaohudumia mabinti huku Mbeya, Iringa na Njombe, binti wa miaka 19 akija na ndevu kidevuni na garden love iliyopanda hadi kitovuni, mnaanzia wapi?

Nesi wa Kihesa: Kagua kwanza. Malaika laini mikononi ni maumbile tu. Tunatafuta nywele nene nyeusi mahali zinapoota kwa wanaume: juu ya mdomo, kidevu, kifua, tumbo juu na chini, mgongo juu na chini, mikono ya juu, mapaja. Ni sehemu 9, kila moja alama 0 hadi 4. Jumla ikifika 8, chunguza. Baridi ya mwezi wa saba Njombe wanajitanda mtandio hadi puani, mwombe ashushe. Uliza pia amenyoa lini, la sivyo utaandika sifuri ya uongo.

Halafu hedhi. Akipata chini ya mara 8 kwa mwaka, ana chunusi, na shingo imekuwa nyeusi kama ina uchafu usiotoka kwa dodoki, fikiria PCOS, yaani hali ya homoni za kiume kuzidi, hedhi kuvurugika na mara nyingi ovari kuwa na vifuko vingi. Weusi ule unaashiria insulini imezidi, nayo huzisukuma ovari zitoe homoni za kiume. Pima sukari.

Daktari, Mbeya: Msikimbilie ultrasound. Kama hajamaliza miaka 8 tangu avunje ungo, vifuko vingi kwenye ovari ni kawaida. Pima testosteroni (homoni ya kiume), na 17-OH projesteroni (homoni inayoonyesha kasoro ya kuzaliwa ya tezi iliyo juu ya figo) asubuhi, siku za mwanzo za mzunguko, akiwa hatumii vidonge vya majira. Nywele zikija kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito au kisimi kikakua, mpe rufaa haraka: huenda ni uvimbe wa ovari au wa tezi iliyo juu ya figo.

Mfamasia, Iringa: Mwambieni alete kopo la krimu! Mikorogo mingi ina clobetasol au betamethasone, dawa kali za steroidi. Ukipaka usoni kwa muda, vinyweleo huota hapohapo, na chunusi juu.

Mwanzisha uzi: Dawa je?

Daktari, Mbeya: Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, baada ya kupima presha na kuuliza kipandauso na historia ya damu kuganda. Msihukumu kabla ya miezi 6. Unywele uliokwisha kuota hauanguki kwa kidonge. Usiporidhika, ongeza spironolactone, dawa inayozuia homoni za kiume, 50 mg mara mbili kwa siku, lakini asishike mimba: inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume. Metformin, dawa ya kisukari, husaidia sukari na hedhi, kwa ndevu ni kidogo sana.

Saluni, Mwanjelwa: Wembe hauongezi ndevu, ncha iliyokatwa ndiyo inakwaruza. Lowesha kwa maji ya vuguvugu, nyoa kufuata nywele zinakolala, wembe wake peke yake. Kung'oa kidevuni huleta vipele, maana nywele zetu zilizojikunja hurudi ndani ya ngozi. Anayetaka leza aulize kama mashine ni Nd:YAG, aina iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Nyingine zinaweza kuiunguza.