Tupeane uzoefu: shida gani ya ujanani ilikukomaza, na nani alikushika mkono?

Jambo ndugu na dada wa Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo, na mlio mbali. Nawasikia wazee wakisema vijana wa leo hawatakomaa kwa kuwa hawajateseka. Mimi sikubali. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu Nyiragongo ilipita mtaa wa Birere ikafika Ziwa Kivu, na nyumba yetu ya mbao ikaenda nayo. Nilikuwa na miaka 11. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, tukarudi mawe yangali moto. Watoto wa mtaa mzima tuliteseka, lakini wengine walikomaa, wengine walivunjika hadi leo. Mimi baba alinikabidhi daftari la hesabu ya mbao na misumari tulipoanza kujenga upya. Fundi akidai pesa, baba alimwambia, "Muulize mwenye daftari." Hapo nilianza kujua uzito wa neno langu. Simulieni yenu, na mumtaje aliyekuwa kando yenu.

*Wa Kibumba:* Mimi ni chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyonikomaza. Kutoka Kibumba hadi mjini na magunia ya viazi ni mteremko, na breki ni kipande cha mpira wa tairi unachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Ukiwa na pupa, mzigo unakuangukia. Mzee niliyemfanyia kazi alikataa nibebe gunia la mtu mzima, hata nilipomlilia, ingawa faida ingekuwa yake. "Mgongo huo utauhitaji ukiwa baba." Nililipa minervali (ada ya shule) yangu mwenyewe. Kabla ya shule ya msingi kufanywa bure Septemba 2019, wazazi ndio waliobeba malipo ya walimu, na asiyelipa alifukuzwa darasani.

*Yaya (dada mkubwa) wa Kyeshero:* Naomba niseme lisilopendeza. Mama alifariki nikiwa na miaka 14, wadogo zangu wanne nyuma yangu. Alfajiri Kituku ziwani na bido (dumu) la maji, nirudi niwashe makala (makaa), nitwange sombe (kisamvu), ndipo shule. Watu walinisifu: "Huyu ni mama kabisa!" Wakishasifu, wanakwenda kwao. Aliyeniokoa ni jirani mmoja. Kila Jumamosi aliwachukua wadogo zangu na kuniambia nikalale au nikaruke kamba na wenzangu. Hakunipa pesa, hakuwa nazo. Alinirudishia utoto wangu kwa siku moja moja. Ndiyo, nilikomaa mapema: najua kupanga pesa, mtoto akiugua usiku sibabaiki. Lakini mpaka leo kuomba msaada kunanitia haya, mume wangu ni shahidi. Hilo nalo limetoka kule kule. Binti yangu sasa ana umri ule. Anaosha vyombo, anamaliza masomo, kisha anatoka kucheza. Sitamtafutia shida ili akomae.

*Mwanafunzi wa 2021:* Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei, lava ikasimama Buhene. Tarehe 27 tukaamriwa kuondoka, tukaenda Sake kwa miguu. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa serikali. Familia iliyotupokea ilikuwa na chumba kimoja, na mama wa nyumba aliniachia kona yenye taa kila usiku. Leo nafundisha, na asiye na daftari simfukuzi.

*Mwanzilishi:* Yaya, pole, na asante kwa kusema wazi. Jirani yule angali Goma? Na nyinyi wa Bukavu mbona kimya? Tunawangoja.