Nipo Texas, wenzangu kazini wananivuta nijiunge na chama cha wenye bunduki. Ushauri wakuu

Mbeba Boksi TX
Wakuu salaam. Nipo Houston, nabeba boksi zamu ya usiku, nina grini kadi. Zamu yetu karibu wote wana bunduki na wanataka niingie NRA (National Rifle Association), chama cha wenye bunduki. Mmoja anasema NRA wamelegea siku hizi, niende Gun Owners of America (GOA), eti hao hawana maridhiano na mtu. Mimi nimekulia Morogoro, bunduki niliiona kwa mlinzi wa benki. Hivi vyama vinataka nini hasa kwenye sheria, na mimi mgeni vinanifaa nini? Mke hataki hata kusikia. Nawasilisha.

Babu wa Ughaibuni
Mkuu, usidhani NRA ilizaliwa ikipinga sheria. Waliianzisha New York 1871 maofisa wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wamechoshwa na askari wasiojua kulenga shabaha. Mwaka 1934 serikali ilipotaka kudhibiti bunduki za rashasha, rais wa chama alikwenda Bungeni akasema wazi kwamba haamini watu kutembea na silaha ovyo, ziwe za kubebwa kwa leseni. Leo akisema hivyo kwenye mkutano wao hamalizi sentensi.

Na 1967 kule California, Black Panthers, kundi la wanaharakati weusi, walipoanza kutembea na bunduki hadharani, Gavana Reagan alisaini sheria ya kuzuia kubeba hadharani silaha zilizojazwa risasi. NRA waliiunga mkono. Fikiria mwenyewe kwa nini. Mgeuko ulikuja 1977, mkutano wa Cincinnati, wanachama wenye msimamo mkali walipowang'oa viongozi. Tangu hapo kila kikwazo kipya wanakiona ni mlango wa kunyang'anywa.

Bint Tanga
Babu kamaliza historia, mimi nijibu swali. Duka lenye leseni likikuuzia bunduki, lazima jina lako lipite kwenye uchunguzi wa FBI. Jirani akikuuzia ya kwake hapo Texas, hakuna uchunguzi. Wanaotaka sheria kali wanasema na mauzo hayo yachunguzwe. Vyama vinajibu: huwezi kusimamia hilo bila daftari la nani ana nini, na daftari likishakuwepo kunyang'anywa ni suala la muda tu. Ndiyo maana waliipigania sheria ya 1986 inayoikataza serikali kuu kutunza daftari la wamiliki. Ukiielewa hofu hiyo ya daftari, utaelewa nusu ya misimamo yao.

Na hofu yenyewe siidharau, tunakotoka tunajua serikali ikishika orodha. Ila baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, hapo hapo Texas, Mei 2022, walipouawa watoto 19 na walimu 2, Bunge lilipitisha sheria ya wastani kabisa: mnunuzi wa chini ya miaka 21 achunguzwe zaidi, hata rekodi zake za utotoni. Seneti kura 65 kwa 33. Aliyeisukuma upande wa Republican ni seneta wenu, John Cornyn, na alizomewa na wana chama wenzake hapo hapo Houston. NRA walipinga, GOA walipinga. Mimi hapo ndipo nilipowavulia kofia ya kwaheri.

Jobless Pro Max
Jiunge mkuu, kofia wanagawa bure 😂

Babu wa Ughaibuni
Kofia bure, ada si bure. Wayne LaPierre aliiongoza NRA zaidi ya miaka 30, na 2024 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) New York lilimkuta ametumia vibaya fedha za chama, arudishe zaidi ya dola milioni 4.

Mama Minnesota
Kaka yangu, mimi niko karibu na Falcon Heights. Philando Castile alikuwa mweusi, ana kibali halali, na 2016 alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Akapigwa risasi ndani ya gari, mchumba wake na mtoto wakiona. Polisi yule aliachiwa huru. NRA walitoa taarifa ya kuzungukazunguka, jina lake halimo. Hilo lipime kabla ya kulipa ada.

Bint Tanga
Na usisahau karatasi zako. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, na Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 anabeba bastola bila kibali asipokuwa na zuio la kisheria. Lakini ukipatikana na hatia ya kosa la silaha, hata dogo, ni sababu ya kufukuzwa nchini. Mwenzako Mmarekani atalipa faini arudi zamu. Ukitaka kununua, ona kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Kadi ya chama haikuongezei haki yoyote.

Mbeba Boksi TX
Shukrani wakuu. Chama naacha, bunduki pia kwa sasa. Ila mke ameuliza swali lililonishinda: wanangu wanakwenda kucheza kwa jirani na jirani anazo. Nitamuulizaje bila kumkwaza?

Mama Minnesota
Muulize kama unavyouliza kama kuna mbwa mkali: "Mna silaha nyumbani? Mnazifungia?" Kwenu Texas kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 afikie bunduki iliyo tayari kufyatuliwa ni kosa, kwa hiyo mwenye akili hatakasirika. Akikasirika, watoto wachezee kwako.