Mjadala: Mwenye nyumba Tanga aangalie rekodi ya mikopo ya mpangaji?

Wana Tanga, kuna hoja imepamba moto barazani kwetu Ngamiani. Wapo wanaosema mwenye nyumba aache kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, badala yake aangalie historia ya mikopo ya mpangaji. Aliye safi alipe mwezi kwa mwezi, mwenye doa atafute kwingine. Wanatolea mfano Marekani, ambako mwenye nyumba huomba ripoti yako kabla ya kukukabidhi funguo, na deni ulilolikimbia linaweza kukaa humo hadi miaka saba.

Mimi napinga, na sababu yangu ni hesabu tu. Tuseme chumba na sebule Makorora ni 80,000 kwa mwezi. Miezi sita 480,000. Weka na ya dalali, kodi ya mwezi mmoja, inafika 560,000. Mama lishe azitoe wapi kwa siku moja? Anakopa: kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, au mkopo wa kwenye simu. Biashara ikiyumba, marejesho yanakwama. Mwakani unamwambia rekodi yake mbaya, hafai kupanga. Aliyemchafua ni nani kama si kodi hiyohiyo?

Halafu rekodi yenyewe inaona nini? Kanzidata ya Benki Kuu, ambayo kanuni zake ni za mwaka 2012, inakusanya taarifa za mikopo. Kodi uliyolipa miaka kumi bila kuchelewa haimo. Ulimpa mzee mkononi, akashukuru, risiti hakuna. Umeme wa Luku nao haukusaidii, maana unanunua kwanza ndipo unawasha taa, hakuna deni la kuonyesha ulilipa kwa wakati.

Mwenye nyumba, Chumbageni: Ndugu yangu, unaongea kama hizi nyumba tulijengewa. Nina mpangaji kaniganda mwezi wa nne huu, nikibisha hodi ni "shikamoo baba, mwisho wa mwezi". Kumtoa mpaka niende Baraza la Ardhi na Nyumba, nipange foleni na kesi za mashamba. Miezi sita ndiyo kinga yangu. Hiyo ripoti ya benki siitaki, namuuliza mwenye nyumba wa alikotoka, basi.

Dalali, Usagara: Rekodi mbona ipo siku nyingi. Zile programu za mikopo si zilikuwa zinatuma meseji kwa kila namba iliyo kwenye simu yako? Mwenye nyumba naye anaipata: "fulani ni mdaiwa sugu". Mwaka 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 kwa kutokuwa na leseni. Lakini meseji ikishasomwa imesomwa.

Mleta mada: Dalali, hapo umenisaidia. Mtu anahukumiwa kwa meseji ya mkopeshaji asiye na leseni, halafu tunaita uaminifu! Baba wa Chumbageni, shikamoo. Hilo la kumuuliza mwenye nyumba wa zamani nakubaliana nalo kabisa, kwa kuwa linahusu kodi na si mikopo. Basi tuliandike: risiti kila mwezi, yenye jina na sahihi, mpangaji ahame nazo. Sasa nakuuliza wewe: akija mtu na risiti za miaka mitatu, hajachelewa hata mwezi, utampokea kwa kodi ya miezi miwili, au bado utataka sita?