Taa za kompyuta pamoja na king'ora: nipange nini kabla ya plasta?

MjengoMukono
Habari za jioni mafundi. Nyumba ya vyumba 4, Mukono, tayari imeezekwa, na plasta inaanza baada ya wiki 2. Nataka taa ziongozwe na Home Assistant (programu ya kuongoza vifaa vya nyumba) kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, na king'ora kikilia taa za nje ziwake zenyewe. Taa ni 26, kati yake 8 za nje, milango 3. Umeme huku hukatika, na Yaka (umeme wa kulipia kabla) nayo hupenda kuisha usiku wa manane. Fundi anapitisha laivu (waya unaoleta umeme) peke yake kwenye swichi. Abadili nini? Na vifaa viwasiliane kwa Wi-Fi au Zigbee (redio ya vifaa vidogo vya nyumbani)?

MilimitaMojaNusu
Msimamishe huyo fundi kesho asubuhi. Relei (swichi ndogo inayoongozwa na kompyuta) inayofichwa nyuma ya swichi ya ukutani inataka nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme. Zipo zisizohitaji, lakini hizo hupitisha mkondo mdogo kwenye taa hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo LED ya wati 3 hubaki inamulika kwa mbali au inapepesa, na utaanza kufunga kapasita taa kwa taa. Nyutro ya 1.5 mm² kwenye kila boksi sasa hivi ni nafuu kuliko kuchimba ukuta baadaye. Boksi liwe la kina cha 47 mm. La 25 mm halitameza relei, waya na viungio vyake.

Nyutro ya kila saketi ibaki na saketi yake. Ukiazima nyutro ya saketi nyingine, breka ya mkondo unaovuja itaruka kila mara. Ukiazima nyutro ya saketi nyingine, breka ya mkondo unaovuja itaruka kila mara.

Waya wa swichi uingie kwenye ingizo la relei, ili Pi ikifa, swichi ya ukutani iwashe taa kama kawaida. Balbu janja mimi sizipendekezi. Mgeni akizima swichi, balbu imetoweka kwenye mtandao.

RautaJinja
Zigbee. Vifaa 30 na zaidi vya Wi-Fi vitailemea rauta ya bei rahisi. Relei zenye nyutro pia hupokezana ujumbe, kwa hiyo kuta za matofali hazitakusumbua sana. Wi-Fi iweke chaneli 1 au 6, Zigbee chaneli 25.

Usiache Home Assistant kwenye kadi ya SD, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla kadi huharibika. Tumia SSD (diski ya kielektroniki). Ila SSD kwenye mlango wa USB 3 hutoa kelele inayoziba Zigbee, kwa hiyo kipokezi cha Zigbee kiende kwenye USB 2 kwa waya wa nyongeza wa mita 1. Watu wengi hulaumu sensa bure hapa.

Hesabu ya betri ya kuziwasha umeme ukikatika: Pi wati 5, rauta wati 8, weka 15 pamoja na upotevu. Lithiamu ya 12.8 V, 20 Ah ni wati-saa 256. Ukitumia asilimia 80 unapata karibu saa 13 na nusu.

MjengoMukono
Asanteni sana. Na king'ora chenyewe kiongozwe na Pi?

ZoniYaNne
Hapana, ndugu. Nunua paneli ya king'ora ya waya yenye betri yake ya 12 V, 7 Ah. Pi ipokee tu habari kupitia tokeo la relei la paneli. Kompyuta ikiganda, king'ora bado kinalia. Pitisha waya wa king'ora wa nyuzi 6 hadi kila mlango na kila sensa ya mwendo, mbali na waya za 240 V. Rezista ya mwisho wa laini (kipande kidogo ambacho paneli hukipima kujua kama waya umeguswa) ikae kwenye sensa. Ukiifunga ndani ya paneli, mtu akiunganisha waya njiani paneli haitajua.

King'ora kikilia: nje na korido ziwake, vyumba vya kulala vibaki giza, ili wewe umwone aliye nje naye asikuone. Usizifanye ziwake na kuzima, kamera huchanganyikiwa na relei huchakaa.

Sensa za mwendo za nje zikae mita 2 hivi kutoka taa yoyote. Msimu wa senene na kumbikumbi, wadudu huijia taa, mijusi huwafuata, na sensa iliyo chini ya taa itakukesheza. Mwanga wa njano huwavuta kidogo kuliko mweupe.

MilimitaMojaNusu
Nimesahau: kwenye mpangilio wa kila relei, hali baada ya umeme kurudi iwe "zima". La sivyo Yaka ikilipwa saa 9 usiku, taa zote 26 zinaweza kuwaka mkiwa mmelala.

MjengoMukono
Boksi za 47 mm nimeagiza leo. Fundi amenuna kidogo.